Kweli au Si Kweli: Maneno ya Kijiweni Kuhusu Magari Yetu

Wapenda magari wakikutana kijiweni hawakosi la kusema. Mazungumzo huanzia kwenye ada za watoto na bei ya unga, yakapita kwa Simba na Yanga, na kabla kahawa haijaisha yameshafika kwenye gari: nani kavuta Harrier, nani kauza IST yake, nani gari lilimchemshia Chalinze na familia ndani. Hapo kila mtu ni mwalimu. Ushauri hutolewa bure, kwa nia njema, na kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Kijiwe hicho ni shule, na wengi wetu hatukusomea kwingine. Mwenye gari wa Dar es Salaam au Mombasa hununua gari lililotumika Japani. Kitabu chake kimeandikwa Kijapani au hakikuja kabisa, kwa hiyo anachokijua kuhusu gari lake amekisikia kwa rafiki au kwa fundi. Tatizo ni kwamba maneno hudumu kuliko magari. Jambo lililokuwa kweli kwa Datsun 120Y yenye kabureta linarudiwa leo kwa Toyota inayoongozwa na kompyuta, na gharama inamwangukia aliyesikiliza. Haya hapa madai yanayosikika sana, kila moja na hukumu yake.

1. "Asubuhi liwashe gari, liache lingurume dakika kumi ndipo uondoke."

SI KWELI. Kabureta haikuwa na namna ya kujua injini ni baridi au ya moto, ndiyo maana dereva alivuta choki na kusubiri. Gari lenye mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta hupima joto lenyewe na kujipangia mafuta. Oili hufika kwenye sehemu za injini ndani ya sekunde chache baada ya kuwasha. Nusu dakika mpaka dakika moja inatosha, hata Njombe au Limuru kwenye baridi. Baada ya hapo ondoka taratibu, usikanyage mafuta kwa nguvu kilomita za mwanzo.

Kuliacha lingurume muda mrefu kuna madhara pia. Injini baridi hupewa petroli ya ziada, na sehemu ya petroli hiyo huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda. Injini hupata moto upesi zaidi ikifanya kazi nyepesi barabarani kuliko ikiwa imesimama uani.

2. "Nchi yetu ni ya joto, themostati toa tu, injini ipoe vizuri."

SI KWELI, na hili limeharibu injini nyingi kimyakimya. Gari likichemsha, fundi wa haraka hung'oa themostati, maji yakazunguka muda wote, mshale ukashuka, mteja akafurahi. Lakini themostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za theluji. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Kwenye injini ya 1NZ, iliyomo ndani ya IST na Fielder nyingi, huanza kufunguka maji yakifika nyuzi joto 80 hadi 84.

Ukiitoa, injini hukaa baridi kuliko ilivyokusudiwa, hasa usiku na kwenye barabara kuu. Kompyuta inadhani gari bado linapashwa, inaendelea kuongeza petroli. Oili haifikii joto la kukausha unyevu uliomo ndani yake, tope linajikusanya, silinda zinalika. Na lile lililosababisha gari lichemshe bado lipo: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Themostati ikikwama, nunua nyingine. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya injini.

3. "Maji ya bomba yanatosha kwenye rejeta."

SI KWELI. Maji matupu hupoza vizuri, lakini hayalindi chuma. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi hula alumini ya rejeta na ya pampu, kisha huacha magamba yanayoziba njia nyembamba. Kimiminika cha kupozea kina dawa za kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka: kikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi huchemka kwenye nyuzi zipatazo 107, na mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta huvusha kiwango hicho hata kupita 120. Ndiyo maana mfuniko uliolegea ni ugonjwa kamili, na ndiyo maana haufunguliwi gari likiwa la moto. Ukikwama njiani, maji ya kunywa yatakufikisha kwa fundi. Usiyaache humo mwezi mzima.

4. "Gari likizeeka, litilie oili nzito, namba 40."

SI KWELI kwa magari mengi ya leo. Oili yenye namba moja tu, kama hiyo 40, ilikuwa sawa kwa injini za zamani zenye nafasi pana kati ya vyuma. Injini yenye VVT-i hutumia oili yenyewe kusukuma utaratibu wa kubadilisha muda wa vali, na oili hiyo hupita kwenye vitundu vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika juu wakati wa kuwasha, na huo ndio wakati injini inapolika zaidi.

Kwenye 5W-30, namba ya kwanza inahusu wepesi wa oili ikiwa baridi, na ya pili unene wake injini ikiwa ya moto. Joto la Dodoma au Garissa halibadilishi hesabu hiyo sana, kwa sababu ndani ya injini joto ni lilelile. Kitabu cha gari kikiruhusu namba zaidi ya moja, chagua ndani ya hizo. Injini inayokula oili ina pete za pistoni au sili za vali zilizochakaa. Oili nzito huficha tatizo kwa muda tu.

5. "Oili ikiwa nyeusi imekwisha."

SI KWELI. Oili nzuri ina sabuni ndani yake ya kuokota masizi na kuyashikilia yasigande kwenye vyuma. Kuwa nyeusi ni dalili kwamba inafanya kazi hiyo, na kwenye dizeli huwa nyeusi siku ileile ya kubadilishwa. Badilisha kwa kilomita na kwa miezi, usitegemee macho. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa: hiyo inaonyesha maji yameingia kwenye oili, na gari lisiwashwe tena mpaka fundi alione.

6. "Kwenye mteremko weka nyutro, unaokoa mafuta."

SI KWELI, na kati ya maneno yote ya kijiweni hili ndilo linalozika watu.

Kwanza mafuta yenyewe hayaokolewi. Kwenye gari la kompyuta, ukiacha mguu wa mafuta huku gia ikiwa imeingia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata petroli kabisa mpaka mzunguko ushuke karibu na ule wa gari lililosimama. Ukiweka nyutro, injini inabaki peke yake na inahitaji petroli ili isizime. Kwa hiyo anayeteremka na nyutro ndiye anayetumia mafuta. Kabureta ndiyo iliyoendelea kumwaga petroli hata mguu ukiwa juu, na ndiko mazoea haya yalikozaliwa.

Pili, gia ni breki. Ukiitoa, uzito wote wa gari unabebwa na breki za magurudumu peke yake. Zinapata moto, pedi zinapoteza mshiko, mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu yanachemka na kutoa mapovu, pedali inazama bila kushika kitu. Kwa lori la mizigo ni vibaya zaidi, kwa sababu likishapata kasi nyutro ikiwa imewekwa, kurudisha gia huwa haiwezekani tena. Wanaopita Kitonga, Sekenke na mteremko wa Iwambi kule Mbeya wanajua malori yaliyoishia bondeni au kwenye magari ya watu wengine. Kenya, barabara ya Salgaa katika kaunti ya Nakuru imebeba jina baya miaka mingi kwa ajili ya madereva wa malori wanaoteremka bila gia.

Kanuni ya wazee wa lori bado ni sahihi: mlima unaoupanda kwa gia ya pili, uteremke kwa gia ya pili. Kwenye otomatiki zipo 3, 2, L, S au B. Zimewekwa kwa ajili ya milima hiyo.

7. "Kukiwa na jua kali punguza upepo, tairi lisipasuke."

SI KWELI. Tairi hupasuka zaidi kwa kukosa upepo kuliko kwa kuzidi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto ndani ya kuta zake mpaka nyuzi zinaachana. Upepo wa paundi 32 ukipimwa asubuhi unaweza kupanda hadi 36 ukiwa safarini, na mtengenezaji alishaliweka hilo kwenye hesabu. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa baridi.

Jua linalotisha zaidi ni la miaka. Tafuta ubavuni mwa tairi alama ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata ndefu na mpira uliokwisha kukauka. Usimpeleke mtoto Moshi wala Kisumu juu ya tairi ambalo hujasoma tarehe yake.

8. "Gari la kuvuta magurudumu yote manne husimama upesi, na lenye ABS halitelezi."

SI KWELI yote mawili. Kila gari lina breki nne. Mvuto wa magurudumu manne humsaidia mwenye Prado au Forester kuondoka kwenye tope, lakini hauongezi chochote anapokanyaga breki. Kinachoamua umbali wa kusimama ni mshiko wa tairi na uzito wa gari, na Prado ni nzito.

ABS nayo iliwekwa ili magurudumu yasikwame, dereva aweze kuendelea kukata usukani huku akishika breki. Kwenye lami iliyolowa inasaidia sana. Kwenye changarawe iliyolegea inaweza hata kuongeza umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililokwama lingejikusanyia kokoto mbele yake na kujizuia. Kwenye barabara ya vumbi, acha nafasi kubwa zaidi mbele yako.

9. "Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, na halivutwi ovyo."

KWELI. Kwenye giaboksi ya kawaida ya otomatiki hakuna klachi inayofunga magurudumu na injini moja kwa moja. Vinaunganishwa kwa msukumo wa oili, na pampu ya oili hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimika hakuna msukumo, kwa hiyo kusukuma ni kuchosha vijana bure.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayokataza kulivuta kwa kamba masafa marefu. Magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani ya giaboksi huku pampu imelala, na vyuma vinasagana vikavu. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele liinuliwe mbele. La magurudumu yote manne lipandishwe zima juu ya gari la kubebea.

10. "Oili ya giaboksi ni moja tu, yoyote ile nyekundu inafaa."

SI KWELI. Rangi haielezi chochote. IST ya kwanza yenye otomatiki ya gia nne hutumia aina iitwayo T-IV. Toyota za baadaye hutumia WS. Zenye CVT zina oili yake maalumu, kwa sababu mkanda wa chuma ndani yake unahitaji oili inayolainisha bila kuutelezesha. Ukitia isiyo yake, gari litaondoka kama kawaida, na baada ya miezi litaanza kushtuka, kuteleza, kisha kukataa. Soma maandishi kwenye kijiti cha kupimia au kwenye kitabu. Fundi asiyeuliza giaboksi yako ni ya aina gani, usimwachie gari.

11. "Usiruhusu mafuta yashuke chini ya robo."

KWELI KWA SEHEMU. Pampu ya petroli ya magari ya leo imo ndani ya tenki, na hupozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Kuendesha kila siku taa ikiwa inawaka huifanya ipate moto na kufa mapema. Mara moja kwa bahati mbaya haitaiua, ila mazoea yataiua.

Madai mawili ya kituo cha mafuta yanaweza kumalizwa hapahapa. Kwamba petroli ya alfajiri ni nyingi kwa sababu ni baridi: SI KWELI, kwa kuwa matenki yapo chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Kwamba petroli ya okteni ya juu huongeza nguvu: SI KWELI kwa magari mengi. Okteni ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwasha kabla ya wakati. Vitz na Passo zilitengenezwa zitumie petroli ya kawaida ya Japani, ambayo okteni yake huanzia 89. Subaru WRX STI yenye tabo inahitaji ya juu kweli. Fedha ya ziada kwenye Passo inaungua bila faida.

12. "AC hula mafuta, bora kushusha vioo."

KWELI KWA SEHEMU. Kompresa huzungushwa na nguvu ya injini, kwa hiyo AC inatumia mafuta, na kwenye foleni ya Ubungo vioo vilivyoshushwa ni nafuu. Ukishaikamata barabara kuu kwa kasi ya 80 na zaidi, upepo unaoingia madirishani hulirudisha gari nyuma na faida ile hupungua sana. Dereva aliyepoa huchelewa kuchoka, na hilo lina thamani kuliko nusu lita.

13. "Gari hili ni jipya, ni namba E."

SI KWELI. Herufi hiyo kwenye kibao cha Tanzania inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na leo unaikuta yenye namba C, yenye namba D na yenye namba E, zote zikiwa na umri unaokaribiana. Kenya angalau inazuia kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania hutoza ushuru mkubwa kwa uchakavu lakini inaruhusu. Anayekulipisha milioni za ziada kwa ajili ya herufi anakuuzia kibao. Omba mwaka wa kutengenezwa, kisha ulinganishe na namba ya chesesi.

14. "Kilomita ni chache, basi injini ni mpya. Na Wajapani huuza magari yakishakuwa mabovu."

SI KWELI mara mbili. Mjapani huuza gari zima kwa sababu kubaki nalo ni ghali. Nchini kwake gari jipya hukaguliwa linapofikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama. Gari la petroli likizidi miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hiyo magari mengi mazima huishia mnadani, na huko ndiko yetu yanakotoka.

Lakini gari linapofika yadi, kilomita zake huwa mikononi mwa watu wengi, na kurudisha namba nyuma ni kazi ya muda mfupi. Usiisadiki dashibodi. Dai karatasi ya mnada: humo kuna daraja la gari na kilomita siku lilipouzwa, na herufi R inaonyesha liliwahi kugongwa likatengenezwa. Dai pia cheti cha kusafirishia nje, ambacho hubeba kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa Japani. Halafu angalia mpira wa pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari lenye kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Muuzaji asiye na karatasi hizo atakupa maneno mazuri. Wewe mwachie maneno na gari lake.

Kijiwe kiendelee, kwa sababu humo wengi wamejua fundi mwaminifu ni yupi, spea halisi zinapatikana wapi, na nani wa kumpigia simu saa tano usiku gari likizima njiani. Ila kila dai likitajwa, tujizoeze kuuliza mambo matatu: ni kwa gari gani, kwa injini gani, na kitabu cha gari kinasemaje? Vitabu vya magari mengi ya Kijapani sasa vinapatikana kwa Kiingereza kwenye simu, na kijana mmoja anayekisoma anaweza kuwatafsiria wenzake wote. Na wewe ambaye neno lako linaheshimiwa hapo kijiweni, anza na lile la mteremko: waambie vijana waziwazi kwamba gia haitolewi mlimani.